Michoro Ikipitishwa Leo, Pazia Zinauzwa Lini? Soma Takwimu za Ujenzi Kabla ya Kuongeza Stoki

Wiki mbili hizi swali moja limejaa kwa inboksi yangu: "Nimesikia kwa habari ati vibali vya ujenzi vimepanda, niongeze stoki ya vitu vya nyumba?" Jibu fupi: inategemea unauza nini, na hiyo habari ilisoma nambari gani. Jibu refu ndilo hili. Chukua chai ukae, kwa sababu pesa ikishalala kwa stoki ya vitu vya nyumba haiamki haraka. Pazia haziozi kama nyanya, lakini mkopo wa chama una tarehe yake.

Kwa wageni wa hapa: mimi nauza vyuma vya pazia, pazia zenyewe, vitasa vya milango na raki za bafuni. Duka ni chumba kimoja Githurai 45, lakini mauzo mengi yanatoka kwa simu, WhatsApp na TikTok, mzigo unaenda na boda au unawekwa kwa matatu. Sikusomea uchumi. Nilimaliza form four, na hesabu tutakazotumia leo ni kujumlisha, kutoa na kugawa.

Tuanze na hiyo nambari inatoka wapi. Shirika la takwimu la taifa, KNBS, hutoa kila mwezi kijitabu kinachoitwa Leading Economic Indicators. Ni bure kwenye tovuti yao, ni PDF, simu yoyote inafungua. Ndani kuna mambo mengi, watalii, chai, kahawa, umeme. Ruka hayo. Teremka mpaka sehemu ya ujenzi. Utakuta jedwali la thamani ya michoro ya majengo iliyoidhinishwa na Kaunti ya Nairobi, mwezi kwa mwezi, ikiwa imegawanywa mara mbili: majengo ya makazi, na yasiyo ya makazi, yaani maofisi, maduka, magodauni na kadhalika. Utakuta pia saruji, tani zilizotengenezwa na tani zilizotumika. Thamani ya michoro imeandikwa kwa mamilioni ya shilingi, kwa hivyo ukiona 15,000 hapo, hiyo ni bilioni 15. Na kijitabu huchelewa. Mwezi unaousoma si mwezi tuliomo, umeshapita wiki kadhaa.

Sasa, kuidhinishwa maana yake nini? Maana yake mwenye ploti amepeleka michoro kaunti, imekaguliwa, ada imelipwa, akaambiwa sawa, unaweza kujenga. Ni hivyo tu. Hakuna hata jiwe moja limewekwa. Bado mradi unafaa kusajiliwa na NCA, mingi inahitaji leseni ya NEMA, na baada ya hapo mwenyewe atafute pesa kama hana. Kuna anayepitisha michoro akiwa na pesa zote mkononi. Kuna anayepitisha ndio aende nayo benki. Kuna anayepitisha ndio auze ploti na michoro yake juu, apate bei nzuri zaidi. Kwa jedwali la KNBS hawa watu watatu wanaonekana sawa kabisa.

Hapa ndipo biashara yetu inaingia. Kutoka muhuri wa kaunti mpaka siku mpangaji anakuandikia "vyuma vya mita mbili ni pesa ngapi", kuna safari ndefu, na kila muuzaji ana kituo chake kwenye hiyo safari.

Nimekuwa nikiandika tarehe kwa daftari. Nikiona ubao wa mjengo umesimamishwa kando ya njia, naandika. Nikiona slabu ya mwisho imemwagwa, naandika. Nikiona pazia la kwanza dirishani, naandika. Kwa flati za orofa nne au tano huku kwetu, mwenye pesa zake tayari huchukua kama mwaka mmoja na nusu kutoka kuchimba msingi hadi mpangaji wa kwanza. Yule anayejenga kidogo kidogo, akipata kitu anaongeza orofa, anaweza kumaliza miaka mitatu. Hiyo si takwimu ya serikali, ni daftari langu na mtaa wangu. Wewe fungua lako.

Miezi ya kwanza wanaokula ni watu wa mawe, mchanga, vyuma na saruji. Kuta zikipanda, mtu wa mabomba na wa nyaya za umeme anaingia, maana bomba zinapita ndani ya ukuta kabla ya plasta. Halafu mjengo unaingia hatua ya kumalizia, na hapo simu zinaanza kulia kwa wengi wetu hapa: taili, rangi, milango, vitasa, sinki, mifereji, taa. Mnunuzi wa hatua hii ni landilodi au kontrakta, ananunua nyingi kwa mara moja na anabishana bei mpaka utoe jasho. Baada ya cheti cha kukalia nyumba kutoka kaunti (na wengine hata hawangoji hicho cheti, tusidanganyane) wapangaji wanaingia. Mpangaji ni mteja mwingine kabisa. Ananunua kimoja kimoja, haraka, wikendi ya kuhamia, na habishani sana kwa sababu jirani wa ng'ambo anamwona ndani. Huyo ndiye wangu: vyuma vya pazia, pazia, raki, kapeti, godoro, burner ya gesi.

Kwa hivyo ukiuza pazia na ukasoma leo kwamba michoro ya makazi imepanda, hiyo ni habari ya mwaka kesho kutwa. Soko lako la mwezi huu liko kwa nambari za miezi 18 au 24 iliyopita. Rudi nyuma kwa vijitabu vya zamani, viko kwa tovuti hiyo hiyo. Mama yangu anasema siku hizi naongea na PDF kuliko na wateja, na hajakosea sana.

Sasa mitego. Ni mingi, nitakaa kwa ile inayokula watu zaidi.

Wa kwanza ni kusoma mwezi mmoja. Chukua mfano huu, ni wangu, si nambari za KNBS. Mwaka jana Januari, Februari na Machi zilikuwa bilioni 14, 15 na 16. Mwaka huu ni 12, 21 na 11. Februari kichwa cha habari kitasema vibali vimeruka asilimia 40 kulinganisha na mwaka jana, na hawatakuwa wamedanganya. Machi kitasema vimeporomoka karibu nusu kwa mwezi mmoja, na hapo pia hawatakuwa wamedanganya. Lakini jumlisha miezi mitatu: mwaka jana 45, mwaka huu 44. Hakuna kilichobadilika! Pengine ni faili tu zilichelewa Januari zikapitishwa Februari, au ni mnara mmoja wa Kilimani ulipata muhuri wiki hiyo. Jengo moja refu la Kilimani au Westlands linaweza kubeba thamani ya flati nyingi sana za Githurai 44 na Kasarani. Ndio sababu mimi sisomi mwezi, nasoma jumla ya miezi mitatu, na nalinganisha na miezi mitatu ile ile ya mwaka uliopita, si ile iliyotangulia tu. Desemba na Januari haziwezi kulinganishwa na Machi, watu wako ushago.

Wa pili ni thamani. Jedwali letu la kila mwezi linahesabu shilingi, halihesabu milango. Tuseme jengo la mita za mraba 1,000 lilikadiriwa mwaka jana kwa shilingi 40,000 kwa mita. Hiyo ni milioni 40. Mwaka huu vifaa vimepanda, linakadiriwa kwa 44,000. Milioni 44. Thamani imepanda asilimia 10, na madirisha ya kuwekwa pazia ni yale yale. Tena bilioni moja ya vyumba vya bedsita na bilioni moja ya nyumba za vyumba vinne Kileleshwa si soko moja. Mwenye bedsita anataka chuma kimoja cha bei ya chini. Mwenye zile zingine ana mbunifu wake wa ndani na hatanunua kwangu.

Kuna nchi ambazo hutoa hesabu ya nyumba zenyewe, na Australia ni mojawapo. Shirika lao la takwimu hutoa kila mwezi idadi ya nyumba zilizoidhinishwa nchi nzima, nyumba za kujitegemea mbali na flati, na wanatoa pia nambari iliyosawazishwa kuondoa mambo ya msimu. Naileta hapa kwa sababu inaonyesha waziwazi kitu ambacho jedwali letu linaficha. Tarehe 4 Juni 2020, wakati wa korona, serikali yao ilianza mpango wa HomeBuilder: ukisaini mkataba wa kujenga kabla mwaka haujaisha unapewa dola 25,000 za Australia. Kuanzia Januari 2021 zikawa 15,000, na dirisha likafungwa mwisho wa Machi 2021. Watu walikimbia. Idhini za nyumba za kujitegemea zilipanda hadi viwango ambavyo hawajawahi kuona, halafu zikashuka. Wengi wa wale wateja hawakuwa wapya, walikuwa wa kesho waliovutwa leo.

Na nyumba zenyewe? Mbao zilikosekana, mafundi walikosekana, bei zikapanda huku mikataba ikiwa imesainiwa kwa bei ya zamani. Mwezi wa Machi 2023 kampuni ya ujenzi ya Porter Davis ilianguka ikiwa na nyumba kama 1,700 ambazo hazijakamilika. Fikiria wewe ni muuza pazia wa Melbourne uliyenunua stoki kwa kuhesabu idhini za 2021. Idhini zilikuwa za kweli. Madirisha hayakuwepo.

Rudi nyumbani. Hapa kwetu kitu kinachonyoosha ile safari kuliko vyote ni riba na siasa. Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13 Februari 2024, ikaanza kuishusha Agosti mwaka huo, na kufikia Aprili 2025 ilikuwa asilimia 10. Wakati riba iko juu, yule jamaa wa pili, anayepitisha michoro ndio aende benki, anaenda, anaambiwa riba, anarudi nyumbani na michoro yake. Imehesabiwa, lakini iko kwa kabati. Uchaguzi nao uko hivyo. Mwaka 2016 michoro iliyoidhinishwa Nairobi ilikuwa na thamani ya zaidi ya bilioni 300. Mwaka 2017, wa uchaguzi, ikashuka hadi karibu bilioni 240. Uchaguzi haukuwa sababu peke yake, sheria ya kufunga riba iliyoanza Septemba 2016 ilifanya benki zikaze mkono wa kukopesha. Lakini kwa sisi wauzaji jambo la kuweka akilini ni hili: waliokosa kujenga 2017 ndio wateja waliokosekana 2018 na 2019. Uchaguzi unaofuata ni Agosti 2027. Unaona kwa nini nasema ufungue daftari sasa.

Mtego wa tatu ni mpaka. Lile jedwali ni la Kaunti ya Nairobi, si la Kenya. Githurai 44 imo ndani. Githurai 45, ambako niko mimi, ni Kiambu, haimo. Ruiru na Juja hazimo. Kitengela, Rongai na Ngong ni Kajiado. Syokimau na Mlolongo ni Machakos. Sasa jiulize, watu wa Nairobi wanaojenga kwao wenyewe siku hizi wanajenga wapi? Ukisoma jedwali ukafikiri umeona soko lote, umeacha nje sehemu kubwa ya watu wanaonunua kitasa cha mlango mwaka huu.

Hapo saruji inasaidia. Tani za saruji zilizotumika ni za nchi nzima, na saruji haijali kama una michoro au huna. Mtu akimwaga slabu Kitengela bila kibali, mifuko yake imehesabiwa. Pia saruji haina shida ya bei, tani ni tani. Mimi huweka nambari mbili pamoja. Michoro ya makazi ikipanda miezi mitatu na saruji nayo ikapanda, naamini watu wanajenga kweli. Michoro ikipanda na saruji imelala, ni karatasi. Saruji ikipanda na michoro imelala, mara nyingi ni nje ya Nairobi, au ni barabara na miradi ya serikali, kwa hivyo hapo usikimbilie kuagiza pazia.

Na nyumba za serikali zisomwe kivyake. Lengo lililotangazwa la nyumba za bei nafuu ni 200,000 kwa mwaka, na kila mwenye payslip anajua ile asilimia 1.5 inayokatwa, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Lengo si nyumba, tumeshaelewana. Lakini zikikamilika zinaingia sokoni kwa mkupuo. Park Road pale Ngara ni nyumba 1,370. New Mukuru, funguo zilipotolewa Mei 2025, zilikuwa zaidi ya 1,000. Flati za kawaida zinajaa mpangaji mmoja mmoja. Huko familia mia kadhaa zinahamia karibu pamoja, na nyumba za aina moja zina madirisha ya kipimo kimoja. Ukijua kile kipimo mapema, ukaposti picha ya pazia zilizokatwa kwa kipimo hicho, na jina la mtaa juu yake, hauhitaji tangazo la kulipia. Kipimo unakipata kwa fundi wa madirisha. Mnunulie soda.

Kuna dada mmoja wa grupu letu anayeuza sinki na mifereji, ameniruhusu niseme habari yake bila jina. Alikuwa ameidhinishiwa mkopo wa chama wa shilingi 120,000 anunue sinki 60 kwa bei ya jumla, kwa sababu ya ile habari ya vibali kupanda. Kurudisha ni miezi minne. Tulikaa na simu zetu jioni moja. Sinki inanunuliwa hatua ya kumalizia, kwa flati za kwetu hiyo ni kama miezi 12 hadi 15 baada ya kuanza kuchimba. Kwa hivyo nambari mpya haimsaidii ndani ya miezi minne, hata kama ni nzuri namna gani. Tukarudi nyuma miezi 15, tukajumlisha mitatu mitatu. Michoro ya makazi ilikuwa imelala, si mbaya, si nzuri. Halafu akapigia mafundi wanne wa mabomba anaowauzia. Hiyo simu ilikuwa na thamani kuliko PDF yote. Wawili walikuwa na mijengo ambayo itafika kwa sinki ndani ya wiki sita, mmoja alikuwa amesimamishwa kazi kwa sababu landilodi ameishiwa, wa nne alikuwa anafanya ukarabati tu. Akachukua sinki 18 kwa mkopo wa 36,000, zilizobaki akaacha kwa chama. Kwa wale mafundi wawili alichukua pia nambari ya kontrakta. Ameuza 11 kufikia jana, na ana mwezi mmoja na nusu mbele yake.

Walio mbali na Nairobi mnaniuliza mfanye nini, maana jedwali haliwahusu. Nakuru, Eldoret, Kisumu, Mombasa, nyinyi shikeni saruji kwa picha ya nchi, halafu mjitengenezee jedwali lenu. Jumamosi moja kwa mwezi panda boda, zunguka mtaa mnaouzia, hesabu mambo matatu: mijengo iliyo kwa msingi, mijengo iliyopita slabu ya mwisho, na mijengo ambayo madirisha yamewekwa vioo lakini ndani hakuna pazia. Andika tarehe. Baada ya miezi mitatu utaanza kuona mjengo uliokuwa kundi la kwanza umehamia la pili, na ule ambao haujasonga hata kidogo, majani yameota kwenye kokoto. Huo usiuhesabu tena. Kwa muuza pazia na raki, kundi la tatu ndilo la kuagizia. Kwa muuza taa, vitasa na mifereji ni la pili. Namba ya keretaka chukua mapema, kabla wapangaji hawajaingia, kwa sababu yeye ndiye wanamuuliza mahali pa kununua vyuma vya pazia, na akishamtaja mwenzako wa kwanza ni vigumu kubadilisha.

Atakayetaka nimtumie ukurasa wa daftari vile ninavyouchora, aandike "daftari" hapo chini, nitapiga picha nimtumie jioni nikifunga duka.